Ndeke Yetu ya Hariri

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliniomba nimsindikize kwa msichana anayepaka watu rangi ya kucha, pale Kamalondo, karibu na soko. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimsubiri. Msichana alipofungua kichupa chake, harufu ikanijia puani, kali, tamu kidogo, ya kutoa machozi, nami nikajikuta nimesimama.

"Nkambo, unagonjwa?" mjukuu akaniuliza.

Nikamwambia sigonjwi. Nimesikia harufu ya mabawa. Akacheka, na yule msichana naye akacheka. Wewe usicheke, ndugu yangu. Vuta kiti nikueleze, maana nimechoka kusikia watu wakisema kwamba enzi zile wazee wetu walikuwa wa kubeba mizigo na kusema ndiyo bwana. Wengine ndivyo walivyokuwa. Baba yangu hakuwa hivyo, na mimi nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kwenye ramani mji uliitwa Elisabethville, sisi wenyewe tulisema Lubumbashi tu, kwa jina la mto. Kati ya mji wa wazungu na site yetu sisi weusi kulikuwa na uwanda mrefu mtupu ambao hakuna aliyeruhusiwa kujenga. Wakubwa walisema umeachwa wazi ili mbu na magonjwa yasivuke. Mama alisema mbu wa huku na wa kule wanajuana vizuri sana. Upande wetu kulinuka makaa, sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, samaki wa kukausha waliotoka Pweto kwenye magunia, na upepo ukigeuka, ule moshi wa kiwanda cha shaba uliokwaruza koo. Asubuhi ving'ora vya kazi vilitutoa kitandani kabla ya jogoo. Mimi niliwasha babula, jiko letu la makaa, kwa maranda ya mbao, nikachota maji bombani, nikatwanga sombe, ndipo nikaenda shule kwa masere, mtawa wetu wa Kibelgiji, aliyetufundisha kushona na kupanga visahani mezani.

Maranda hayakukosekana kwetu, kwa kuwa baba alikuwa fundi wa mbao. Alifanya kazi katika karakana ya Mbelgiji mmoja aliyetengeneza makabati ya nyumba za wazungu. Baba ndiye aliyepewa kazi za kuonekana: milango ya vioo, miguu ya meza iliyopinda. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na mbishi kupita kiasi. Mama alituambia, "Kichwa ya baba yenu iko ya mulombwa," akimaanisha ule mti mgumu unaovunja meno ya msumeno. Siku zile mweusi aliyesoma angeweza kuomba karatasi ya kumtambua kuwa mstaarabu. Kabla ya kuipata, wakubwa walikuja nyumbani kwake kuangalia uma zake, shuka zake na choo chake. Jirani yetu mwalimu aliomba, akapewa, akafurahi. Baba hakuomba. "Banataka kuya kuangalia mauma yangu," alisema. "Miye nimekwisha kuangalia ya kwabo, ni miye natengeneza makabati yenye kuyafungia."

Sasa, msimu mmoja wa mvua paa la duka la Mgiriki fulani, karibu na stesheni, lilivuja, na baba akaitwa siku ya mapumziko yake kutengeneza rafu zilizoharibika. Alipomaliza, aliona kwenye kona sanduku refu la karatasi ngumu, limelowa na kuvimba, na juu yake picha ya ndege ya angani. Ndeke, sisi tunasema. Mgiriki alikuwa ameiagiza kwa ajili ya injinia mmoja mzungu, naye injinia alikwenda likizo Ulaya asirudi. Ndani kulikuwa na vipande vya ndeke ya kujenga mwenyewe, yenye mabawa karibu mita mbili, injini yake ndogo, na mashine mbili za redio. Moja ilikaa chini mkononi mwako, nyingine ndani ya ndeke, na kwa hizo uliweza kuiongoza ikiwa angani bila kamba.

Baba akamwambia Mgiriki kwamba hataki malipo ya rafu, anataka lile sanduku.

"Hii kintu ni ya bazungu," Mgiriki akasema. "Utafanya nayo nini?"

"Nitaijenga."

"Nani alikufundisha?"

"Nani alinifundisha rafu yako?" baba akauliza. Mgiriki akamsaidia kulifunga sanduku kwa kamba.

Tulilifungulia mezani baada ya kula. Mbao zake zilikuwa za balsa, nyepesi mno, ukizishika unahisi umeshika mkate mkavu. Maji yalikuwa yamezipinda baadhi. Karatasi laini ya kufunikia mabawa ilikuwa imegandamana ikawa donge moja. Mchoro mkubwa ulikuwa mzima, lakini maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, nasi nyumbani tulijua Kiswahili chetu, Kibemba cha mama na Kifaransa cha shule. Nikamwambia baba hatutaweza kusoma.

"Miye sisome maneno," akasema. "Minasoma mistari. Leta vidole byako."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Vidole vya baba vilikuwa vinene, na mbavu za lile bawa zilikuwa nyembamba kuliko kijiti cha kibiriti. Yeye alikata, mimi nikashika. Alitandaza mchoro juu ya ubao, tukapigilia kila kipande juu ya mstari wake kwa pini za mama za kushonea, tukatia gundi, tukasubiri. Vipande vilivyopinda alivipitisha kwenye mvuke wa birika hadi vikanyooka, na vilivyokataa alivitupa akachonga vingine kwa mbao nyepesi za huku kwetu. Kila jioni kabla giza halijaingia tulifanya saa moja. Nilipokosea hakunigombeza. Alivunja kiungo, akanipa wembe nikwangue gundi, tukaanza upya. Masere alikuwa akisema mikono ya msichana iliumbwa kwa sindano. Ni kweli niliitumia sindano, kufunga kwa uzi magurudumu ya ndeke.

Baada ya wiki nyingi kiunzi kilisimama mezani, chepesi, cheupe, kama mifupa ya samaki baada ya mlo. Hapo tukakwama. Hatukuwa na kitu cha kufunikia. Baba alijaribu karatasi za magazeti, zikachanika. Jirani yetu wa upande wa pili, fundi wa redio, alisema amewaona wazungu Jumapili wakirusha ndeke zao kwenye uwanja wao, na mabawa yao yalikuwa ya hariri.

Mama alikuwa mlangoni akichambua mchele. Wote tulijua kwamba nyumba nzima ilikuwa na hariri moja tu, kitambaa chake cha harusi, rangi ya papai lililoiva, ambacho kaka yake alimletea kutoka Mokambo alikokuwa akifanya biashara. Kilikaa chini kabisa ya sanduku lake la nguo. Baba hakuthubutu kukitaja. Mama naye hakusema lolote siku hiyo, wala kesho yake. Kwa kweli hakuipenda kazi yetu. Alisema mtoto wa kike anakosa kujifunza kupika kwa sababu ya mdoli wa mzee. Siku ya tatu nilirudi kutoka shule nikakuta kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya ubao.

"Musikikate mubaya," alisema, akarudi jikoni.

Tulikikata yeye akiwa amesimama nyuma yetu. Ile harufu niliyokueleza, ya kichupa cha kucha, ndiyo ya dawa tuliyopaka juu ya hariri ili ikaze. Fundi mmoja wa gereji, wa kupaka magari rangi, ndiye aliyetupa. Tulipaka, ikakauka, tukapaka tena, mara saba. Kuku walihama uani. Kila mpako hariri ilivutika zaidi, mpaka ukiigonga kwa ukucha ilitoa sauti ya ngoma ndogo. Mama alipita, akaigonga mara moja kwa kidole chake, akaendelea na shughuli zake. Nikajua amekubali.

Redio zilikuwa kazi ya jirani yule fundi. Alizikausha juani, akabadilisha nyaya zilizooza, akatafuta betri. Mashine ya kutuma ilikuwa sanduku la chuma lenye mlingoti mrefu na kitufe kimoja. Ndani ya ndeke kulikuwa na mashine ndogo ya kupokea, na mpira uliosokotwa ambao ulizungusha usukani wa mkiani. Ubonyeze kitufe, usukani unageuka upande mmoja. Uachie, unarudi katikati. Ubonyeze tena, unageuka upande wa pili. Hakukuwa na jambo lingine, lakini Jumamosi ile alasiri, ndeke ikiwa huku uani na baba akiwa kule barabarani na sanduku lake, usukani ulipogeuka wenyewe kwa sauti ya tak, mama aliweka mwiko chini. Baba alibonyeza tena. Tak. Watoto wa mtaa mzima walijaa ukutani. Nilimwomba nami nibonyeze, nikabonyeza, na kitu kikanitii kutoka umbali wa nyumba tano. Nimefundisha shule miaka thelathini na mitano, ndugu yangu, sijawahi kutiiwa vile tena.

Tatizo ni kwamba kila tulipobonyeza, redio za majirani zilikwaruza. Shefu wa site, aliyewekwa na wazungu kutusimamia, alikuwa akisikiliza ya kwake. Jumatatu alikuja yeye na polisi wawili, na mzungu mmoja kijana kutoka ofisini akiwa na kaptura iliyopigwa pasi.

"Beko banasema weye uko na mashine ya kutuma habari," shefu akasema.

"Iko ya kugeuza mukia ya ndeke," baba akajibu. "Haiseme kitu."

"Unatuma kwa nani?"

"Kwa mukia."

Watoto wakacheka, na hilo likaharibu mambo. Yule mzungu, kwa Kiswahili chao cha kuamrisha, akauliza, "Weye iko na ruhusa?" Baba akamwomba amwonyeshe karatasi ya sheria inayosema anahitaji ruhusa, aisome, kwa kuwa Kifaransa anajua kusoma. Mzungu hakuwa nayo. Aliwaashiria polisi, wakachukua sanduku la kutuma na mlingoti wake. Mashine ndogo iliyokuwa ndani ya ndeke hawakuigusa. Hawakujua kwamba ipo.

Kesho yake baba aliitwa ofisini. Nilikwenda naye, kwa kuwa mama aliamini kwamba hatapigwa mbele ya mtoto. Mkubwa wa ofisi hakuwa mtu wa kelele. Alimweleza baba taratibu kwamba wazungu wapenzi wa ndeke hizi wana uwanja wao, kwamba watafurahi kuipokea ile ndeke na kuitunza, na kwamba yeye atapewa barua nzuri ya shukrani. Kama hataki, basi mkubwa atalazimika kuzungumza na mwenye karakana.

"Mumekamata ile ya redio," baba alisema. "Munipe karatasi ya kusema mumeikamata. Ndeke yenyewe iko ya nyumba yangu. Hariri ni ya bibi yangu."

"Bila redio haiwezi kuruka," mkubwa akasema.

"Itaruka."

Hakupewa karatasi. Tukiwa njiani nilimuuliza kama itaruka kweli, au alisema tu. Akaniambia alisema tu, na kwamba sasa inabidi tuhakikishe.

Alihakikisha. Alifunga usukani kwa uzi, ukiwa umeinama kidogo sana, ili ndeke izunguke badala ya kwenda moja kwa moja. Mashine ya kupokea aliiacha mahali pake, kiziwi, kwa sababu uzito wake ulihitajika puani. Injini aliitia mafuta kidogo tu, yale mafuta yenye harufu ya hospitali. Mama alimsihi angoje, mambo yapoe. Alimwambia waziwazi kwamba watamfukuza kazi, na watoto watano watakula hariri. Baba alisema, "Nikiirusha kwa kujificha, itakuwa kweli niliiiba." Jumapili, baada ya misa, mama alivaa kikwembe chake cha sikukuu, akatangulia yeye mbele kuelekea ukingo wa site, pale watu walipocheza mpira, akitusafishia njia.

Watu walikuwa wengi, wametoka kanisani, wengine na vikombe vya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, mkononi. Shefu alikuwepo pia, pembeni. Baba alizungusha pangaboi kwa kidole, mara ya kwanza injini ikakohoa, mara ya tano ikapiga kelele nyembamba ya nyigu. Nilidhani ataitupa mwenyewe. Aliniwekea mikononi.

"Kimbia na upepo usoni," akasema. "Usiisukume. Uiachilie."

Nilikimbia. Nilivaa gauni la kanisani na miguu mitupu. Nilihisi mikono inakuwa myepesi, nikafungua vidole, na ndeke haikuanguka. Ilipanda ikiinama kushoto, ikapita juu ya vichwa, jua likapenya kwenye hariri. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mara juu zaidi. Injini ikazimika kama baba alivyopanga, ili ianze kushuka. Haikushuka. Hewa ya moto ya mchana iliibeba, ikaendelea kuzunguka kimya, na kila mzunguko upepo uliisogeza mbele kidogo, kuelekea ule uwanda mtupu. Ikavuka. Tuliiona ikipita juu ya miti ya jakaranda ya wazungu, ndogo kama jani la papai, kisha hatukuiona tena.

Nililia. Baba alivaa koti lake. "Twende tuikamate," akasema.

Tulivuka uwanda mchana kweupe, tukapita barabara za lami zilizofagiliwa, baba akiuliza kila mlinzi na kila mpishi getini kama ameona ndeke ya rangi ya papai. Walituonyesha nyumba yenye bustani kubwa. Ilikuwa juu ya nyasi, bawa moja limevunjika, na mzungu wa makamo alikuwa amepiga magoti kando yake akiigusa kwa uangalifu wa mtu anayejua. Alikuwa mmoja wa wale wa uwanja wa Jumapili.

"Nani alijenga hii?" akauliza.

"Miye," baba akasema. Akaniwekea mkono begani. "Na huyu mutoto wangu mwanamuke."

Mzungu akasema ni kazi safi kuliko yake, na akamwomba baba amjengee moja, atamlipa vizuri.

"Nitakujengea siku utanikaribisha kuirusha nawe kwenye ile uwanja yenu," baba akajibu.

Mzungu alitazama nyasi. Alisema kwamba hilo si juu yake. Baba akasema anaelewa, akachukua ndeke.

Njia fupi ya kurudi ilikuwa uchochoro wa nyuma wa watumishi. Baba hakuipita. Alinipa bawa lililovunjika, yeye akanyanyua mwili wa ndeke juu ya bega, tukapita barabara kuu katikati, polepole, wazungu wakitutazama kutoka barazani na vikombe vyao vya kahawa. Polisi mmoja mweusi alitusimamisha. Akaiangalia ndeke, akamwangalia baba, akauliza kwa sauti ya chini kama ndiyo ile iliyopita juu. Baba akamwambia ndiyo. Polisi akatugeuzia mgongo akaendelea na doria yake.

Mambo yaliyofuata hayakuwa matamu. Mwenye karakana hakumfukuza baba, lakini alimwondoa kwenye meza yake akampeleka uani kupakia mbao, na huko alikaa miaka mitatu. Mgongo aliouumiza huko haukupona. Tulikula bukari, ugali wetu, na mboga siku nyingi bila samaki. Mama, ambaye alikuwa na haki ya kusema nilikwambia, hakusema hata mara moja. Yeye ndiye aliyeshona upya bawa lililochanika, na ndeke ikaning'inizwa kwenye dari ya sebule, ambapo kila aliyeingia ilimbidi ainame.

Na kila mwanzo wa mwezi baba alivaa koti lake akaenda ofisini kudai sanduku lake la kutuma. Walimwambia rudi. Alirudi. Makarani walibadilika, wakubwa walibadilika, yeye akaendelea kwenda. Uhuru ulipopatikana, mwenye ofisi alikuwa mtoto wa site yetu, aliyekuwa ukutani siku ile usukani uligeuka. Alimpokea baba vizuri, akampa kiti, akaagiza stoo ifunguliwe, na sanduku likaletwa mezani, na vumbi lake na mlingoti wake. Nilikuwepo, nikiwa msichana mkubwa sasa, nikinyoosha mkono kulichukua.

"Mzee, utatia sahihi hapa tu," yule kijana akasema. Ilikuwa fomu ya zamani ya wazungu, hawakuwa wamechapisha nyingine. Baba aliisoma yote. Ilisema kwamba anayetia sahihi alikutwa na kifaa hiki bila ruhusa, kwamba anakiri kosa, na anarudishiwa kwa huruma.

Baba akaomba sentensi ile ifutwe. Kijana akasema hana uwezo wa kufuta, fomu ni fomu, na kwamba hakuna atakayeisoma tena.

"Miye nimeisoma," baba akasema. Aliirudisha kalamu mezani, akamshukuru kwa kiti, tukatoka. Sanduku tuliliacha pale.

Nilimkasirikia kwa miaka. Katika vita vilivyofuata tulikimbia mji, na tuliporudi dari ya sebule haikuwepo, wala kitu chochote kilichoning'inia. Ile ofisi imebomolewa, sasa wanauza vifaa vya ujenzi. Ule uwanda mtupu umejengwa nyumba mpaka hakuna anayejua kwamba ulikuwepo. Baba na mama wamelala makaburini, na fundi wa redio pia, na watoto wa ukutani tumebaki wachache sana.

Hasira iliniisha zamani. Kama angetia sahihi, leo kungekuwa na karatasi mahali fulani yenye jina lake chini ya uongo, na ingekuwa ndiyo karatasi pekee iliyobaki juu yetu. Kwa kuwa hakutia, hakuna karatasi yoyote. Ndiyo maana haya ninayokueleza nimeyaandika pia, kwa mkono wangu, yawe karatasi yetu. Sanduku lilikuwa lake, alilipata kwa kazi ya mikono yake, na ruhusa hakuihitaji.